Pindo la Khanga

Juzi, Tanga, mama alijifunga khanga kifuani akaogelea mbali, mimi nikabaki ufukweni na aibu yangu.

Nilikumbuka bwawa la kuogelea la ndani kule Johannesburg, utotoni, harufu ya klorini, kelele za watoto zikigonga paa. Mlinzi alimwambia mama khanga haziruhusiwi majini. Mama akacheka kidogo, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akapakata ndala zetu.

"Nendeni, wanangu. Mimi maji nayaogopa."

Nikaamini. Mchana kutwa nikamwita mwoga, na baba akacheka.

Tukiwa njiani kurudi, niliona pindo la khanga yake limelowa.

"Eish, mama, unalowesha kiti cha gari!"

"Nimemwagikiwa na soda, mwanangu."

Nikamwambia siku nyingine awe mwangalifu. Pindo lile lilinuka klorini.