Inzi wa Kizingitini

Ulimi wa Bi Wabriya ulikuwa mkali hata mundu wake ukiuonea wivu. Miaka arubaini alikata matete katika mabwawa ya Chibaish, akazaa watoto saba, wawili wao mtumbwini, mzigo wa matete haujashushwa, na mkono mmoja bado unafukuza nyati. Mumewe alipofariki alimwachia nyati sita na shamba la matete marefu hivi kwamba korongo walipumzika katikati ya njia kabla ya kufika kileleni.

Mwaka huo majani yakatoka mistari myeupe, imepinda kama njia ya mlevi. Shemeji yake Mnahi, ambaye matete yake yalikuwa mafupi kama ahadi zake, akakimbilia baraza la matete la Shehe Khayun.

"Matete ya shemeji yana maradhi! Yachomwe kabla hayajatuambukiza sote!"

Shehe, mtu asiyeweza kuamua hata avae kiatu kipi kwanza, akaagiza msomi wa wadudu aletwe kutoka mjini.

Akaja Daktari Muayyad na masanduku mengi hata mtumbwi ukapiga goti. Akapunga wavu mara moja, akanasa inzi aliyetua juu ya jani, akamtazama kwa kioo cha kukuzia, akampa jina refu kuliko ukoo wake mwenyewe.

"Ndiye huyu. Buu lake hushuka mpaka kwenye shina. Nikishapumzika, siku ya nne, shamba lote litiwe moto."

Bi Wabriya alimjua inzi yule kama anavyojua majirani. Kila asubuhi akikanda mavi ya nyati kuwa kuni, hao ndio waliomzonga usoni. Lakini Daktari alikuwa anatafuna samaki wa Shehe, na kwa desturi yao mgeni habishiwi siku tatu, hata akisema nyati hutaga mayai. Bi Wabriya akafumba mdomo. Siku tatu! Wajukuu walidhani amekufa.

"Shemeji, mbona kimya?" Mnahi alimchokoza. "Ulimi umeumwa na mbu?"

"Nahesabu siku, shemeji."

"Za kuishi?"

"Za ukarimu."

Wala hakukaa bure. Alichuma majani yenye mistari, akachagua yale ambayo buu, mwisho wa mstari liliouchimba, limejigeuza punje ya kahawia. Akayatia katika chupa ya achari, akafunga kitambaa mdomoni, akaiatamia kama kuku.

Asubuhi ya siku ya nne Mnahi alikuwa ameshafika barazani, kibiriti mkononi. Bi Wabriya akaingia kahawa ikizunguka.

"Daktari, mwanangu, umeshiba?"

"Nimeshiba, mama, Mungu awabariki."

"Na siku tatu zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Basi kaa vizuri."

Akaweka chupa mapajani mwa Daktari. Ndani, inzi wawili wadogo, weusi, wenye paji la manjano, walipanda kioo.

"Hawa wametoka ndani ya jani. Wa kwako ulimkuta kizingitini, ukamwita mwenye nyumba! Yule ni wa mavi ya nyati wangu. Njoo zizini, utachoka kutoa majina."

Akachukua tete, akalivua majani kwa mkupuo mmoja, akalipasua. Ndani jeupe, safi kama jino la mtoto.

"Buu limeonja wapi shina? Na jani, Shehe, nani amejenga baraza kwa majani? Si tunayavua kwanza!"

Daktari alitazama kwa kioo mpaka masikio yakawiva.

"Huyu simjui," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu ashuke mtumbwini. "Mama, nani alikufundisha kuwatambua?"

"Nimelisha wengi wanaokula ndani kwangu bila kazi," akajibu, jicho kwa Mnahi.

Shehe akaamua, safari hii bila kuuliza mtu: kibiriti kikawashe jiko la kahawa.

Daktari akaomba abaki siku chache, amchunguze inzi mgeni.

"Baki," alisema Bi Wabriya. "Ila siku ya nne mgeni hupewa mundu."

Daktari akakata matete mpaka adhuhuri. Viganja vikatoa malengelenge, na dogo kuliko yote, wanaapa waliokuwapo, lingetosha kufugia bata.