Kichwani, Puliza!

Muuguzi bora wa darasa langu alikuwa na shida moja tu: sauti. Nilikuwa katika zahanati moja ya Makwale, nikiwafundisha watumishi wa afya kumwokoa mtoto aliyeacha kupumua. Kiongozi lazima aamuru kwa sauti na mwenzake amjibu, la sivyo wote hukimbilia kazi moja. Muuguzi huyo ndiye aliyeongoza, lakini aliyesimama kwenye kichwa cha mwanasesere wetu wa mazoezi alikuwa tabibu mzee, baba mkwe wake. Huku kwetu mke wa mwanao hakutazami usoni wala hakuiti, sembuse kukuamuru!

"Mwambie apulize," muuguzi akamnong'oneza mhudumu aliyekuwa kati yao.

Wenzake wakaangua kicheko. "Sista, mtoto atakufa akisubiri mshenga!"

Nikacheka nao, kisha nikapendekeza tusimwite mtu, tuite mahali. Aliye kichwani aitwe Kichwani, aliye kwenye dawa aitwe Dawa. "Baba, unaridhia?"

"Niiteni hata Kisogo," tabibu akasema, "mradi mtoto apumue."

Tukajaribu. Sauti ikatoka, nyembamba kama uzi.

Chai ya mapumziko haijaisha, bodaboda ikaingia uani ikipiga honi. Mama kutoka Mwaya alimkumbatia mwanawe aliyelegea. Degedege lilikuwa limemwacha bila pumzi, midomo imegeuka rangi. Niliinuka, lakini muuguzi alikwisha kumpokea na kumlaza.

"Kichwani, puliza!"

Sauti ile sikuijua! Baba mkwe akaminya ambu, mfuko wa mpira wa kusukumia hewa. Kifua kikabaki kimya. Hapo wengi huminya kwa nguvu zaidi, kumbe hewa imekosa njia.

"Kichwani, hakipandi! Inua kidevu, bana barakoa ya ambu usoni!"

"Kidevu juu... kinapanda!" mzee akaitikia.

Kinapanda! Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, nami nikajikuta narukaruka na kikombe mkononi. Mtoto akakohoa, akavuta pumzi yake mwenyewe, akalia. Kilio kitamu kuliko wimbo! "Ndaga fijo," mama akashukuru na kushukuru, hadi gari la wagonjwa lilipowachukua kwenda hospitali, mtoto bado analia.

Baadaye tabibu alikohoa mlangoni, kama afanyavyo kila siku ili mkwewe apishe. Muuguzi akageukia ukuta, macho chini.

"Kichwani anapita," mzee akasema.

Niliyaona mabega ya muuguzi yakitikisika kwa kicheko.