Honi Tatu Kwenye Kona ya Bibi

Niliposikia honi mara ya kwanza sikushtuka. Niliposikia mara ya pili nikageuka, na barabara ilikuwa nyeupe, haina hata mbwa.

Ngoja niwasimulie vizuri, maana hadi leo honi ikilia nyuma yangu lazima nigeuke.

Naitwa Rung. Kwetu ni Prachuap, pwani ya Thailand, na Jumapili naongoza kikundi cha waendesha baiskeli za mbio. Njia nachagua mimi. Inayopendwa kuliko zote ni ile ya Kona ya Bibi: unatoka kwenye mabwawa ya kufugia kamba, unapita mashamba ya mananasi, halafu unakipanda kilima taratibu huku bahari iko chini, mkono wa kushoto, buluu mpaka inakera.

Juu kabisa, kona inapokatika, kuna kijumba cha Bibi. Kijumba cha mbao juu ya nguzo, kimezungukwa na mashada ya maua na sanamu za pundamilia za plasta, zawadi za waliojibiwa maombi. Bibi ni mzimu, ndiye mwenye kilima. Hakuna gari linalopita bila kumsalimu. Honi tatu, kila mtu. Hata gari la wagonjwa likiwa na mgonjwa ndani.

Baiskeli ya mbio kwa kawaida haifungwi kengele, watu wanapunguza uzito mpaka wa skrubu. Sisi wote tunazo. Ni kwa ajili ya Bibi tu.

Siku hiyo tulikuwa watatu, wengine walikuwa harusini. Mimi, Tong fundi wa viyoyozi, ambaye mdomo wake hauna breki, na mdogo wangu Yui. Kwa Yui ilikuwa mara ya kwanza kupanda kile kilima. Mama alikuwa amekataa mwaka mzima.

"Rung," aliniambia asubuhi ile, ameshika baiskeli ya Yui kama anataka kuizuia. "Huyu ndiye kitindamimba wangu. Mrudishe kama alivyo."

"Mama, ni baiskeli tu. Halafu mjomba ametangulia na pikapu."

Hapo akaniachia. Mjomba Sombat, mdogo wake mama, hutangulia kila Jumapili na sanduku la barafu, ndizi na maji. Pikapu yenyewe ni kuukuu, betri yake kila asubuhi inabembelezwa. Lakini mjomba hajawahi kukosa. Alikuwa atusubiri kwa Bibi.

Tukapanda. Jua likatuchapa. Maji yakaisha kabla ya kilima kuisha.

Tulipokaribia kona, tukasikia honi tatu kutoka mbele.

Tong akapiga kengele yake mara tatu. Nami nikapiga. Yui naye, hana pumzi, akapiga huku anacheka. Ndiyo desturi, mwenzako akisalimu na wewe unasalimu.

Tukafika juu. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na mjomba.

"Kapteni, mjomba wako amenasa kwa yule mama muuza ngisi kule chini, upande wa pili," Tong akasema. "Mzee ana mambo yake, muacheni."

"Na lile gari lililopiga honi limepita wapi?" Yui akauliza.

Nikatoa simu nimpigie mjomba. Simu nazo pale juu hazishiki mtandao.

Mara Yui akakaa chini ghafla. Midomo imekuwa myeupe, jasho la baridi, vidole vinacheza vyenyewe. Hiyo ni njaa ya baiskeli, sukari imemwisha mwilini. Nikapekua mifuko yangu, sina hata pipi. Tong naye hana.

Nilipogeuka, Yui alikuwa ameshika chupa ya soda nyekundu kutoka mezani kwa Bibi, panapowekwa sadaka. Mrija mdomoni. Ameshaimaliza.

"Yui! We!"

"Nilikuwa naona giza, dada."

Sadaka ya Bibi haichukuliwi hivyo. Unasubiri ubani uzime, unapiga magoti, unaomba kwa sauti, ndipo unagusa. Nikatazama. Vijiti vya ubani vilikuwa bado vinafuka moshi. Yaani Bibi alikuwa hajamaliza kula.

Hapo hapo honi ikalia. Mara tatu.

Safari hii karibu, karibu kabisa, kama imetoka ndani ya jiwe lililo nyuma ya kijumba. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Barabara tupu pande zote mbili.

Jamani, nimewahi kuogopa. Nimewahi kufukuzwa na mbwa wanne kwenye mteremko. Lakini ile ilikuwa hofu nyingine.

"Panda baiskeli," nikamwambia Yui.

"Dada, miguu..."

"Panda!"

Tukashuka kile kilima kwa upande wa pili, bila hata kusalimu. Nyuma yetu honi ikalia tena, tatu. Tong alikuwa mbele yangu. Niliona tu mgongo wake umejikunja, anakanyaga kama anafukuzwa na mwenye nyumba.

Chini kuna duka la mama Lamai, ndiye yule mama muuza ngisi. Nikamuuliza mjomba.

"Sombat? Leo hajapita. Nimemwekea hata kifurushi chake, kile pale."

Nikapiga simu. Haipatikani.

Mama Lamai akamtazama Yui, akaona wekundu wa soda kwenye midomo. Uso ukambadilika.

"Mtoto, umekunywa cha nani?"

Yui akaanza kulia. Mama Lamai hakufoka. Alichukua soda mbili nyekundu, akachukua ubani, akanisukumia mkononi.

"Rudini sasa hivi, jua likiwa bado upande huu. Mwombeni radhi. Na mjomba wenu hajulikani alipo, mnataka akalipe yeye?"

Maneno hayo yalinipasua. Mjomba hayupo, Yui amekula sadaka, Bibi anapiga honi. Kichwani mwangu yote yakawa kitu kimoja: nimempoteza mjomba, na mdogo wangu anafuata. Nitamwambia nini mama?

Njia ya kurudi juu sitaki kuikumbuka. Niliendesha ubavuni mwa Yui, mkono mmoja mgongoni kwake. Gari moja likatupita, la familia, watoto wanatupungia. Lilipofika kileleni nikasikia likisalimu, tatu. Na kitu kikaliitikia, tatu. Gari likaenda zake.

"Umesikia?" Tong akaninong'oneza.

"Nyamaza."

Tulipiga magoti wote. Yui akaweka soda kwa mikono miwili, akawasha ubani.

"Bibi, nisamehe. Nilikuwa nazimia. Nichukue mimi, usimchukue mjomba."

Honi ikalia.

Yui akajiangusha kifudifudi. "Dada, amekataa!"

Mimi machozi tu. Nikaanza kuahidi chochote kilichonijia mdomoni: vichwa vya nguruwe, wacheza ngoma, pundamilia kumi. Ningeahidi hata baiskeli.

Honi ikalia tena. Moja. Mbili. Ya tatu ikaanza kwa sauti nyembamba, ikajikokota, ikafa njiani.

Kimya.

Tong akainua kichwa. Uso wake ulikuwa mweupe kama wali.

"Kapteni," akasema polepole. "Bibi gani anaishiwa betri?"

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka niko ukingoni mwa barabara, nyuma ya jiwe, natenganisha majani na mikono. Majani yalikuwa yamelala kidogo, kisha yamejifunga tena. Chini yake mianzi imevunjika. Chini ya mianzi, bati la bluu. Pikapu ya mjomba, imeegemea mti mmoja, na chini ya mti huo ni mawe na bahari.

"Mjomba!"

Mkono ukatoka dirishani. Ukatikisika kidogo tu.

Tong alishuka kwa kushika mizizi, na viatu vyake vile vya baiskeli vinavyoteleza kama sabuni. Mimi nikasimama katikati ya barabara nikafungua mikono. Gari la kwanza likapiga honi tatu kumsalimu Bibi, na mimi nikapiga kelele mpaka koo likaniuma: "Simama! Usisalimu! Simama!"

Walimtoa wavuvi na watu wa uokoaji, kwa kamba. Mguu umevunjika mara mbili, mbavu nne. Lakini yu hai.

Siku ya tatu hospitalini akaweza kusema. Mama alikuwa pembeni, anamenya chungwa, hataki hata kunitazama.

Mjomba akasema alifika mapema. Akamwekea Bibi soda, akawasha ubani, akamwomba amlinde Yui kwa kuwa ni mara yake ya kwanza. Kisha akarudisha pikapu nyuma aiegeshe kivulini. Tairi likakosa ardhi.

"Soda ile ilikuwa ya kwangu," akamwambia Yui. "Bora ulikunywa. Usingekunywa, msingerudi."

Tukacheka kidogo, na kilio ndani yake.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanikaba. "Mjomba, kwa nini hukupiga moja ndefu? Kwa nini tatu?"

Akautazama mkono wake.

"Kifua kilibanwa, sauti haitoki. Mkono mmoja tu ndio unasogea. Miaka thelathini mkono huu ukifika pale unapiga tatu. Haukujua nyingine."

Akanigeukia.

"Niliwasikia mnakuja, mwanangu. Nikapiga. Mkanijibu kwa kengele, wote watatu, mnacheka. Nikasema, Sombat, umepona, wamekusikia. Halafu nikasikia mnaondoka."

Mama aliacha kumenya chungwa.

Siku hizi bado namsalimu Bibi, nisiwadanganye. Ila nikishapiga kengele zangu tatu nafunga breki, nashuka, nakwenda mpaka ukingoni, natazama chini. Wanaonifuata wanalalamika kwamba nawakatia mwendo. Waache walalamike. Ndugu msomaji, mtu akikuita kwa sauti uliyoizoea, usikimbilie kuitikia na kupita. Simama kwanza umwone.