Ubavu wa Baba

Juzi jirani yangu hapa Migosi alikausha nyama kwa moshi katika jiko la makaa la duara, lenye kifuniko. Harufu ile ilinirudisha Usenge, mchana ule nyanya yangu alipokuwa akikausha nyama ya fahali wa baba, ameifunika kwa bati juu ya makaa. Wageni walijaa uani. Nilidhani ni sikukuu.

“Dani,” nilimwambia nyanya, nikimwita kwa Kijaluo, “mwekee baba ubavu. Akirudi kutoka ziwani atakuwa na njaa.”

“Moshi huu unaniumiza macho, mama,” nyanya alinijibu, akijifuta.

Sikujua kwamba kwetu fahali wa mwenye boma huchinjwa kwa mazishi yake. Nilimfichia baba ubavu mmoja chunguni. Nyama ya moshi haiozi upesi. Ilizidi kumngoja hata baada ya mimi kuacha.