Namba ya Fundi

Watu wa Kapseret wanamjua Leonida kwa cherehani, lakini kinachomchosha si cherehani. Ni simu.

Mwaka jana ushirika wa wakulima ulisajili watu wa mbolea kwa mtandao, na karani wao, Edwin, akaweka meza kwa baraza ya duka la Leonida. Kila mtu alitakiwa kutoa namba ya simu. Wazee wasio na simu walisema tu, "Andika ya fundi." Edwin akaandika. Hakuna aliyeona kosa. Hata maziwa ya asubuhi wao humwachia yeye, mpaka mtu wa pikipiki apite.

Tangu hapo, jina la yeyote likiguswa huko kwa mtandao, simu ya Leonida inalia. Mzee Stephen ameingia kwa akaunti. Mama Hellen amekosea nenosiri. Ni wewe? Bonyeza NDIYO ama HAPANA. Leonida anaacha sindano katikati ya kola, anabonyeza NDIYO, anarudi kwa kola. Siku hizi habonyezi kwa kusoma. Anabonyeza vile mtu anafukuza nzi.

Alhamisi moja, mvua imeanza na mbolea inagawiwa mpaka kesho yake jioni, simu ikalia. Kidole kilikuwa kinashuka, kikasimama. Jina lilikuwa la Mama Rael, na Mama Rael alikuwa amekaa hapo mbele yake, akingoja sketi ya mjukuu. Simu ngeni ilitaka kubadilisha nenosiri lake.

"Mama, kuna mtu umemtuma afungue akaunti yako?"

"Akaunti gani?"

"Ya mbolea."

Mama Rael akacheka. "Huko kwa simu, mimi si ni wewe? Jiulize."

"Sichezi, Mama. Nikikubali na ni mwizi, mbolea imeenda. Nikikataa, akaunti inafungwa, na itabidi uende mjini na kitambulisho. Na kesho ndio mwisho."

Kicheko kikaisha. Shamba lilikuwa limeshalimwa, mbegu ziko chini ya kitanda.

"Wewe unaonaje?"

Leonida alitamani mtu mwingine aamue, mara moja tu. Akabonyeza HAPANA.

Ijumaa duka likafungwa, sare za shule zikabaki bila vifungo, wakaenda mjini. Foleni ilikuwa imezunguka ofisi ya ushirika. Saa tisa ndipo walimfikia Edwin. Akaangalia kompyuta, akatikisa kichwa.

"Huyo mtu anasumbua wengi wiki hii. Kuna wazee wa Soy walikubali, sasa wanalia."

Leonida akazikumbuka NDIYO zake zote. "Hebu angalia wote walio na namba yangu."

Edwin akaangalia, akaendelea kuangalia, kana kwamba si yeye aliyeandika. "Hawa wote ni wewe?"

"Ni majirani."

"Wako sawa. Una bahati." Akafungua akaunti ya Mama Rael. "Mama, namba yako ya simu?"

Mama Rael akaitaja namba ya Leonida yote, kwa kichwa, bila kukwama. Leonida alifungua mdomo akatae, kisha akaufunga. Akaenda kukaa kwa benchi.

Mbolea ilipopakiwa kwa pikipiki, dereva alitaka kwenda kumwamsha fundi aliyelala na kichwa kwa ukuta. Mama Rael akamshika mkono.

"Mwache kwanza. Amekuwa mimi tangu mwaka jana."