Bi Mkeka na Mtoto Aliyeuma Wenzake

Jumatatu, tarehe 4 Machi 1996, chumba cha watoto katika kiwanda chetu cha kushona sare kilikuwa na watoto kumi na wanne na mlezi mmoja. Mlezi huyo alikuwa mjane aliyeanzia kazi ya kufagia, naye tulimwita Bi Mkeka, kwa kuwa kila asubuhi alitandika mikeka mitatu na kuwapanga wanetu juu yake kama vifungo vya shati. Mimi nilikuwa mkata vitambaa, na binti yangu alishona kola. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka minne, wenzake walimbandika jina la Ngumi.

Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alipiga, alisukuma, na Jumatatu hiyo alimng'ata mwenzake begani mpaka alama za meno zikahesabika. Mama wa aliyeumwa, mshona mifuko, alikuja mbiombio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Bi Mkeka, hapa tumeleta watoto au tumeleta nyama?"

"Tulia, dada. Nimeshamweka ukutani."

"Hata umtundike! Si damu ya baba yake hiyo?"

Baba wa mtoto alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Alimwacha binti yangu mwaka uliotangulia, nasi tuliamini kwamba ametuachia tabia yake. Bi Mkeka naye aliamini hivyo. Adhabu yake ilikuwa kiti kilichotazama ukuta: mkosaji hukaa hapo, mgongo kwa wenzake, mpaka aitwe. Ngumi aliitwa na hakuja; basi kiburi kikaongezwa juu ya makosa yake.

Msimamizi wa kiwanda aliamua kwamba mtoto aondoke Ijumaa. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwangalia, kwa hiyo binti yangu angelazimika kuacha kazi, naye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuinua kichwa baada ya kuachwa.

Ieleweke kwamba penye cherehani sitini hakuna anayezungumza. Tulipaza sauti, na kilichobaki tulikieleza kwa mikono. Mazoea hayo tulirudi nayo nyumbani, hata majirani wakadhani tunagombana kila jioni. Alhamisi umeme ulikatika. Mashine zilinyamaza, na sauti zetu zikashuka zenyewe.

Bi Mkeka alikuwa akigawa maziwa. Aliwaita watoto kwa upole, mmoja mmoja, nao wakaja. Ngumi aliendelea kuchezea vigurudumu vya uzi, mgongo kwake. Bi Mkeka akamsogelea kwa nyuma na kumwita tena. Hakugeuka. Akaangusha kikombe cha bati sakafuni: watoto wote waliruka, isipokuwa mmoja.

Bi Mkeka alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu.

"Babu, huyu mtoto hana kiburi. Hasikii."

"Hasikii vipi, na nyumbani tukimwita anakuja?"

"Mnamwita, au mnampigia mayowe na kumpungia mikono kama mnaongoza ndege itue?"

Bi Mkeka akaenda kwa msimamizi, akaomba mwezi mmoja. "Akiuma tena," alisema, "utufungishe virago sote wawili." Msimamizi alikubali, huku akimwonya kwamba hatanii.

Tulimpeleka hospitali, na daktari akakuta majimaji mazito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, yaliyoletwa na mafua ya mara kwa mara. Mtoto alikuwa akisikia kama mtu aliyezama majini, na maumivu yalimnyima usingizi. Upasuaji ulikuwa mdogo. Hata hivyo, daktari hakutuacha tushangilie.

"Masikio nimeyafungua mimi," alisema. "Ngumi mtazifungua ninyi. Wapo watoto wanaozaliwa wepesi wa kuwaka, sikatai. Lakini huyu, kwa mlivyonieleza, amemwona baba akipiga, na hajapata kumsikia mtu akiomba radhi. Amejifunza kwamba mkono ndio unaosikilizwa."

Bi Mkeka alikigeuza kile kiti, akakiweka kando yake mwenyewe. Alilipiga marufuku lile jina. Tangu hapo mtoto aliitwa Bibie. Aliposema naye alichuchumaa, uso kwa uso, akimfundisha maneno machache: naomba, nirudishie, sitaki.

Wiki ya tatu, mtoto wa mshona mifuko alimpokonya kigurudumu. Bibie alimshika mkono, akaupeleka mdomoni. Mimi nilikuwa mlangoni. Bi Mkeka hakumvuta. Alichuchumaa tu.

"Sema, mama. Sema."

Meno yakatua juu ya ngozi, yakasita.

"Sitaki!"

Ukelele huo ulimsimamisha mshona mifuko katikati ya mshono. Alikuja, akaukagua mkono wa mwanawe, akakuta hauna alama.

"Haya," alisema, akicheka. "Sasa atatutoboa masikio sisi."

Nimekuwa mtu wa kupima kabla ya kukata, na shukrani yangu kwa mwanamke huyu bado sijaipatia kipimo. Aliweka riziki yake rehani kwa ajili ya mtoto asiye wake, kisha akafanya kazi ya kuikomboa, neno kwa neno.

Mwezi ulipokwisha, akina mama wawili walikuwa wamewahamisha watoto wao, wala siwalaumu. Walibaki watoto kumi na wawili, mjukuu wangu akiwamo. Binti yangu bado kwenye kola. Na mlezi yule yule mmoja.