Mbuzi Aliyepita Ukutani

Wanafunzi walimwita Mama Vipanya, kwa sababu kila kipindi kilipokwisha alivikusanya vipanya vya kompyuta mfukoni na kwenda navyo nyumbani, visije vikaota miguu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka kumi na tisa. Kuandika programu alijifunza ukubwani, akifundishwa na mwanawe. Alipowaona watoto wanasinzia juu ya vitabu, akawapa kazi ya kutengeneza michezo ya video.

Usingizi uliwaisha. Lakini mzazi mmoja akaandika barua kwamba shule imegeuzwa kijiwe, na Jumanne asubuhi mkaguzi akaingia bila taarifa. Mwalimu mkuu alimnong'oneza Mama Vipanya mlangoni: mgeni asiporidhika, kompyuta zote sita zinaondoka.

Mkaguzi hakuketi. Alipita nyuma ya viti, akasimama kwa binti mmoja wa kidato cha pili ambaye mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akamtaka aonyeshe kazi yake.

Mchezo wake ulikuwa wa mbuzi anayetoroka zizini. Binti akabonyeza. Mbuzi akakimbia, akaupita ukuta kama moshi, akatokomea nje ya kioo. Darasa likacheka.

Mwalimu aliliona kosa pale pale: sifuri moja ya ziada. Kidole kimoja kingetosha kuifuta. Akapiga hatua kuelekea kwenye kibodi.

"Mwalimu, naomba uniache," binti akasema bila kugeuka.

Mwalimu akarudi nyuma, akafunga mikono mgongoni. Binti alisoma mstari mmoja mmoja, midomo ikicheza. Akalipita kosa. Akaanza upya, akalipita tena. Mkaguzi akatazama saa. Mama Vipanya akauma ulimi ili jibu lisimtoke.

Mara ya tatu kidole cha binti kikaganda kwenye kioo. Akafuta, akabonyeza. Mbuzi akagonga ukuta, akasimama.

"Umejuaje?" mkaguzi akauliza.

"Ukuta uko kwenye mia nne. Mimi nilimwambia asimame akifika elfu nne. Yeye hana kosa, alinitii."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama Vipanya alikwenda ofisi ya walimu, akajimiminia chai. Mwalimu mkuu alimkuta hapo, akampa uamuzi wa mkaguzi: somo liendelee muhula mmoja, halafu matokeo ya hesabu yapimwe.

"Muhula mmoja unatosha," akajibu, ingawa hakuwa na hakika.